Mtoto Akifa Ghafla Usingizini: Kabla ya Kumlaumu Mtu

Mama anaamka alfajiri ndani ya chandarua, huko Mangobo au Kabondo, anamgusa mtoto wake wa miezi mitatu na kumkuta wa baridi. Jana jioni alinyonya. Alikuwa na mafua kidogo tu, ya kawaida. Jua halijapanda na parsele imeshajaa watu, na hukumu zimeshatoka tatu. Mmoja anasema mama amemlalia mtoto. Mwingine anasema ni malaria. Wa tatu hasemi kitu, anamtazama tu bibi mzaa baba kwa jicho la pembeni, na kila mtu anaelewa. Mazishi yamepangwa kuwa alasiri, na mpaka saa hiyo hakuna aliyeuliza swali hata moja linaloweza kujibiwa.

Makala haya ni ya siku kama hiyo. Nayaandika kwa wazazi, kwa bibi na mashangazi wanaobaki na akili timamu wakati wazazi wamezidiwa, na kwa mwuguzi wa kituo cha afya ambaye ataletewa mtoto aliyekwisha kufa na kuulizwa kilichomuua. Nitakaa zaidi kwenye sababu moja ambayo hapa Kisangani haitajwi sana: miokarditi, yaani misuli ya moyo kushambuliwa na kuvimba kwa ndani. Haiachi alama juu ya mwili. Kuipata kunategemea sana yanayofanywa katika saa za mwanzo. Na ni jina ambalo mtu anaweza kuliandika kwenye karatasi bila kuwa na haki ya kuliandika, kwa hiyo familia inapaswa kujua linavyothibitishwa.

Mara nyingi chanzo ni virusi. Vipo vya jamii ya enterovirusi, ambamo Coxsackie B ndivyo vinavyojulikana zaidi kwa kupenda moyo wa mtoto mchanga. Vipo adenovirusi, parvovirusi B19, na virusi vya mafua makali. Kwa mtu mzima vingi vya hivi huleta homa ya siku mbili au kuharisha kidogo. Kwa mtoto wa wiki chache vinaweza kushuka mpaka kwenye misuli ya moyo. Chembe nyeupe za damu huingia katikati ya nyuzi za misuli ili kupambana navyo, na seli za moyo zenyewe hufa katika purukushani hiyo. Moyo huchoka kusukuma damu, au mapigo yake huvurugika ghafla, na hapo mtoto hufa kwa dakika chache bila kulia.

Jambo hili si la Ulaya tu. Mwaka 1956 madaktari wa Johannesburg walichapisha habari za mlipuko wa miokarditi kati ya watoto wachanga wa nyumba moja ya uzazi, nao waliuhusisha na Coxsackie B. Kuna pia dondakoo, ambayo sumu yake inaweza kuharibu moyo. Chanjo yake imo ndani ya ile ya pamoja ambayo mtoto wa Kongo huchomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama anayeruka siku ya kilo na chanjo kwa sababu mvua inanyesha anaacha wazi mlango mmoja ambao ungeweza kufungwa.

Lakini tusije tukaona miokarditi kila mahali. Katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, wataalamu walipitia uchunguzi wa maiti za watoto 1,516 uliofanywa kwa miaka kumi. Miokarditi iliyothibitishwa kwa hadubini ilipatikana kwa watoto 28, chini ya wawili katika kila mia. Zaidi ya nusu yao walikuwa hawajatimiza mwaka, na zaidi ya nusu walikufa ghafla. Ninalotaka msomaji alishike zaidi katika ripoti hiyo, iliyotoka mwaka 2008, ni hili: kwa zaidi ya theluthi ya watoto hao, moyo ulipotazamwa kwa macho ulionekana mzima kabisa. Daktari anayefungua kifua, akautazama moyo na kusema "hauna kitu", bado hajasema lolote kuhusu miokarditi.

Sasa turudi kwenye parsele. La kwanza, mtoto apelekwe kituo cha afya hata kama mnaona wazi kwamba amekwisha kufa. Msimwoshe kwanza, msimbadilishe nguo, wala msimpake mafuta. Mwenye simu apige picha za mahali alipolala: godoro, mto, chandarua, nguo alizofunikwa, na chumba chote kama kilivyokuwa. Mnaotoka Lubunga, ng'ambo ya mto, msisubiri kuvuka mpaka Makiso ndipo mtafute wa kumwona. Mwuguzi wa karibu anaweza kuandika mambo ambayo baada ya saa sita hayataonekana tena. Kwa joto la Kisangani mwili hubadilika upesi.

Kuna alama mbili ambazo zimeharibu familia nyingi kwa kutoeleweka. Baada ya kifo damu huacha kuzunguka na kushuka upande wa chini wa mwili, nayo hutokeza mabaka ya rangi ya zambarau mgongoni, au usoni na kifuani kama mtoto alilala kifudifudi. Mabaka hayo si alama za kupigwa wala za mkono wa mtu usiku. Pia mara nyingi puani na mdomoni hutoka povu, pengine lenye rangi ya waridi. Povu peke yake si dalili ya sumu. Huonekana mara kwa mara kwa watoto waliokufa ghafla kwa sababu mbalimbali. Mwuguzi anayejua hayo mawili na kuyasema kwa sauti mbele ya ukoo anaweza kumwokoa bibi asifukuzwe nyumbani. Na hayo mabaka yana kazi: yanaonyesha mtoto alikuwa amelalaje, kwa hiyo yaandikwe pamoja na saa yalipoonekana.

Mwuguzi akae na aliyemwona mtoto mzima mara ya mwisho na aliyemkuta amekufa. Wakati mwingine hao ni watu wawili, na kila mmoja aulizwe peke yake. Wenzetu wanaofanya kazi hii kila siku hutumia mwanasesere. Hapa kikwembe kilichoviringwa kinatosha. Mama anapewa kikwembe hicho, anaambiwa: "Mama, tuonyeshe jinsi ulivyomlaza." Anakiweka ubavuni. Kisha: "Na ulimkuta vipi?" Anakigeuza, uso chini, pembeni kabisa karibu na ukuta, na mkono wake unasita pale godoro lilipobonyea. Dakika mbili za kikwembe zinaeleza kuliko nusu saa ya maneno, na mama hajaambiwa kwamba amekosea. Mwuguzi achore alichoonyeshwa. Asitoe maoni wakati huo.

Maswali mengine yahusu wiki mbili zilizopita. Je, mtoto alikuwa na mafua, kuharisha au homa? Je, alikuwa akianza kunyonya, anaacha ili avute pumzi, anaanza tena na kuacha tena? Je, alitoka jasho kichwani wakati wa kunyonya, hata usiku wa baridi? Sauti ya kilio ilipungua? Alikuwa mweupe midomoni, au miguu ilikuwa baridi ilhali mwili una homa? Hayo ni maswali ya moyo, na mama wengi hawayasemi wenyewe kwa sababu wanaona si ugonjwa. Waulizwe pia wengine nyumbani: nani alikuwa na homa au tumbo? Kama mtoto alikuwa na wiki chache tu, mama mwenyewe aliugua siku za kuzaa?

Kisha yaje maswali ambayo watu huyaogopa. Mbabula ya mkaa ililala chumbani ikiwaka? Moshi wa mkaa usioonekana huua chumba kizima kimya kimya, na anayeanza kufa ni mdogo. Kuna aliyekunywa lotoko na kulala kitanda kimoja na mtoto? Alipewa dawa gani za kienyeji, kwa kinywa au kwa njia ya haja? Alichomwa kinini, kwa mishipa, na ilishuka kwa haraka kiasi gani? Kinini ikiingia mwilini upesi mno huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata wa mtoto mzima kiafya, sembuse moyo uliokwisha kuvimba. Chupa na vifurushi vyote vya dawa viletwe, visitupwe. Mwisho: katika ukoo huu, kuna watoto wengine waliokufa ghafla, au vijana wanaoanguka na kuzimia? Yapo magonjwa ya mapigo ya moyo ambayo hurithiwa, nayo hayaonekani kwenye hadubini.

Yote hayo yaandikwe siku ileile kwenye fishi, pamoja na saa. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kufanywa hata kwa damu ya marehemu, na kifanyike. Ila hapa Tshopo kipimo chanya hakifungi kesi, maana mtoto anaweza kubeba vijidudu vya malaria na kufa kwa kitu kingine. Huo ndio mtego tutakaoukuta tena kwenye virusi vya moyo.

Halafu linakuja swali zito: mwili ufunguliwe au usifunguliwe? Parke ikiagiza uchunguzi kwa sababu kuna mashaka, hilo ni suala la sheria. Pasipo agizo, ruhusa ni ya wazazi, na wana haki ya kukataa bila kuonekana wajinga. Mimi ningewashauri wakubali, kama masharti fulani yapo. Yasipokuwepo, ningewaambia wazi kwamba wanaweza kupata maumivu bila jibu.

Sharti la kwanza ni kujua vipande vitasomwa wapi. Kufungua na kusoma ni kazi mbili. Daktari mwenye mkono mzuri anaweza kufungua na kuchukua vipande hapa mjini. Kuvisoma kunahitaji mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao ni wachache nchini. Kwa hiyo muulizeni daktari, kwenye Kliniki za Chuo Kikuu au hospitali kuu mnayopelekwa: nani atasoma, Kisangani au Kinshasa, kwa muda gani, na gharama zote ni kiasi gani mpaka karatasi itoke? Jibu likiwa "tutaona", msitie sahihi bado.

La pili ni kiasi cha moyo kitakachochukuliwa. Miokarditi haienei sawasawa. Inakaa madoa madoa. Kipande kimoja kinaweza kuangukia penye uzima, na mtoto akaandikiwa kwamba moyo wake haukuwa na kitu. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha patholojia ya moyo na mishipa unataka vipande kutoka ukuta wa mbele, wa pembeni na wa nyuma wa chemba ya kushoto, kutoka ukuta wa kati, kutoka chemba ya kulia, na kutoka vyumba viwili vya juu. Moyo wa mtoto wa miezi mitatu ni mdogo kama ngumi yake, hivyo kazi hiyo haichukui muda mrefu. Mapafu na ubongo navyo vichukuliwe, kwa sababu nimonia au homa ya uti wa mgongo vinaweza kuua kwa sura hiyohiyo, na maambukizi makali ya damu yanaweza kupeleka chembe nyeupe moyoni bila moyo kuwa ndio chanzo.

La tatu ni formalini. Vipande viwekwe ndani ya formalini ya asilimia 10 mara moja, vikatwe vyembamba, na maji ya dawa yawe mengi, karibu mara kumi ya vipande. Nimeona chupa iliyojazwa nyama mpaka shingoni ikiwa na kijiko cha formalini juu: nje imekauka, ndani imeoza. Chupa hiyo haitajibu swali la mtu. Chombo kiwe na mdomo mpana, kiandikwe jina, tarehe na kiungo, kwa kalamu isiyofutika na maji. Kama kuna friza yenye umeme wa kuaminika, jambo ambalo kwa mji unaotegemea mitambo ya Tshopo tunalijua lilivyo, kipande kidogo cha moyo kibaki bila formalini kwa ajili ya kutafuta virusi.

Kama friza haipo, msikate tamaa. Kipande kilichopita kwenye formalini hugandishwa ndani ya nta ya parafini, na nta hiyo haihitaji umeme. Nchi yetu ina ushahidi wake. Kipande cha tezi kilichochukuliwa Kinshasa mwaka 1960, enzi za Léopoldville, kilikaa ndani ya nta mpaka mwaka 2008, watafiti walipotangaza kwamba wamekuta ndani yake chembechembe za virusi vya UKIMWI. Kingine, cha mwaka 1966, kilitoa karibu ramani nzima ya virusi hivyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Familia ikiambiwa leo kwamba kipimo fulani hakipo, iulize namba ya kile kipande cha nta na mahali kitakapohifadhiwa. Kipimo kinaweza kuja baadaye; kipande kisipokuwepo, hakutakuwa na cha kupima.

Kuhusu heshima ya mwili: mtoto hushonwa, huoshwa na kuvikwa, na kwa nguo zake mshono hauonekani. Kwa familia za Kiislamu, au yeyote anayetaka kuzika siku ileile, imamu au mchungaji aitwe mapema na muda usemwe wazi. Kufungua hakuhitaji siku mbili. Kinachochelewa ni kusoma, na kusoma hakuzuii mazishi.

Majibu yakija, labda baada ya wiki kadhaa, someni kwa utulivu, mkiwa na daktari, na mtafute mambo matatu.

Kwanza, je, ripoti inasema chembe nyeupe tu, au chembe nyeupe pamoja na seli za moyo zilizoharibika kando yake? Vigezo ambavyo vimetumika tangu katikati ya miaka ya 1980, vinavyoitwa vya Dallas, vinataka vyote viwili. Kukiwa na chembe bila uharibifu, wanasema ni kisa cha mpakani. Baadaye wataalamu wa Ulaya waliongeza hesabu: kwa rangi maalumu inayoonyesha kila aina ya chembe, wanatafuta angalau 14 katika milimita moja ya mraba, zikiwamo angalau 7 za aina ya T. Hesabu hizo zilitungwa hasa kwa ajili ya vipande vya moyo vya wagonjwa walio hai. Moyo wa mtoto mchanga unaweza kuwa na chembe kadhaa bila ugonjwa wowote, kwa hiyo anayezihesabu bila kutazama seli zilizokufa anaweza kumpa mtoto ugonjwa ambao hakuwa nao.

Pili, virusi. Hapa wanasayansi wenyewe hawakubaliani, na mzazi ana haki ya kulijua hilo. Nchini Ujerumani Reinhard Dettmeyer na wenzake walichunguza mioyo ya watoto 62 waliodhaniwa kufa bila sababu, wakatangaza mwaka 2004 kwamba walikuta alama za virusi kwa zaidi ya wanne katika kila kumi. Waliosoma hayo waliona vifo vingi visivyoelezeka ni miokarditi iliyojificha. Mwaka 2009, Marekani, Henry Krous na wenzake waliweka kando kwa kando mioyo ya watoto wa namna hiyo, ya watoto waliokufa kwa kukosa hewa, na ya watoto wenye miokarditi ya kweli. Waliokosa hewa na waliokufa bila sababu hawakutofautiana kwa maana katika uvimbe wa moyo. Mtu hawezi kusema mtoto aliyezibwa pumzi amekufa kwa miokarditi. Kwa maoni yangu kipimo cha virusi chenye jibu chanya, bila uharibifu wa misuli, kina uzito uleule wa kipimo cha malaria hapa kwetu: kinaonyesha kilichokuwemo mwilini, na bado hakijaonyesha kilichoua.

Tatu, je, ripoti imeunganisha hadubini na historia? Jasho la kunyonya, mafua ya wiki iliyopita, kikwembe kilichogeuzwa uso chini, mbabula: kama hayo hayamo, aliyeandika alikuwa na nusu ya kesi. Krous huyohuyo aliongoza mwaka 2004 mkutano wa San Diego uliorekebisha maana ya kifo cha ghafla cha mtoto kisichoelezeka: ni cha mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na huitwa hivyo pale tu uchunguzi kamili wa mwili, wa mahali alipofia na wa historia yake unapokwisha bila sababu kupatikana. Wengi wa watoto hao hufa kabla ya miezi sita, hasa kati ya miezi miwili na minne. "Haijulikani" iliyofikiwa kwa njia hiyo ni jibu halali, na daktari mwaminifu haoni aibu kuitoa.

Familia nyingi hazitafika huko. Hakuna fedha, hakuna mtaalamu, mzee wa ukoo amekataa. Yapo mambo mawili madogo. La kwanza ni mahojiano yaliyopangwa vizuri na wafiwa, baada ya matanga, kwa maswali ambayo Shirika la Afya Duniani limeyatunga; yanasaidia kwa malaria na nimonia, ila kwa miokarditi ni dhaifu sana. La pili ni kuchukua vipande kwa sindano bila kufungua mwili. Kenya, huko Siaya na Kisumu, kazi hiyo imekuwa ikifanyika chini ya mtandao wa CHAMPS, na familia nyingi zinazokataa kisu huikubali sindano. Kwa kawaida sindano hulenga mapafu, ini na ubongo. Anayeshuku moyo lazima aseme, ili nao uchomwe.

Sasa nyumba yenyewe, kwa maana kuna watoto wengine. Mtoto mchanga aliye hai mwenye miokarditi hupita mikononi mwa watu akiitwa mgonjwa wa nimonia au malaria. Anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika kabla ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia hapo mpaka mwaka. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Ukiona na jasho la kunyonya, weupe, ini lililovimba chini ya mbavu za kulia, na mapigo yanayokimbia hata homa ikiwa imeshuka, mwambie mwuguzi neno "moyo". Litamfanya aweke sikio kifuani kwa muda mrefu zaidi, aombe picha ya kifua au kipimo cha umeme wa moyo kama kipo, na ampime oksijeni.

Tena mwambie kabla hajafungua seromu. Sisi tunapenda seromu. Mgonjwa asiye na chupa juu tunaona hajatibiwa. Utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, ulionyesha mwaka 2011 kwamba waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi: kama 10 na nusu kwa kila mia, dhidi ya 7 kwa waliopewa polepole. Hao hawakuchaguliwa kwa ugonjwa wa moyo. Moyo uliovimba una uvumilivu mdogo hata kuliko huo.

Mtoto alale chali, juu ya godoro gumu, bila mto. Nchi zilizowashauri wazazi hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziliona vifo vya usingizini vikipungua kwa nusu na zaidi. Wanaolala naye kitanda kimoja, na kwetu ni karibu wote, wampe nafasi mbali na ukuta, na aliyekunywa alale kwingine. Mwenye mafua au tumbo aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto mchanga, hata akiwa ni mama mkwe aliyetoka Isangi kumwona mjukuu.

Mama aliyefiwa maziwa yake hayajui kwamba mtoto hayupo. Siku ya pili au ya tatu matiti yatajaa na kuuma. Akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, aweke kitambaa cha maji baridi, asijifunge kikwembe kwa nguvu mpaka ashindwe kupumua. Akipata homa na titi likiwa jekundu, aende kituoni. Mtu mmoja, dada au rafiki, apewe kazi ya kuhakikisha hilo linaangaliwa, kwa maana katikati ya matanga hakuna anayeuliza.

Makaratasi ya marehemu, karte ya kilo, fishi, ripoti na namba ya nta, yawekwe pamoja ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mvua. Mimba nyingine ikija, mama ayabebe siku ya kwanza ya kliniki ya wajawazito, ayaweke mezani kabla ya kuulizwa, na aombe mtoto huyo apimwe moyo akizaliwa, tena kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.